Kaboni ilitengenezeka, hanga ndiyo iliyonitoa jasho

Kontena la baiskeli za mtumba likifunguliwa hapa mjini Unguja, zinazogombewa mwanzo ni zile za Kijapani zenye kikapu mbele na taa ya dinamo. Hizo zina wenyewe: mtoto wa skuli, mfanyakazi wa ofisini, muuza mkate. Baiskeli ya mbio huachwa mpaka mwisho, imelazwa chini ya nyingine, na ikiwa ni ya kaboni, yaani nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa rezini, aina ya gundi, ndiyo haina mpenzi kabisa. Muuzaji huigonga kwa ukucha, akasikia mlio mkavu usio wa chuma, akakwambia, "Ya plastiki hii, yakhe. Nipe chochote."

Hicho chochote kwangu kilikuwa laki saba, tena baada ya kuvutana sana. Fremu ya kaboni, foko (ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele) ya kaboni, gia za Shimano Tiagra, breki za kubana ringi, magurudumu ya aluminiamu. Jina lililoandikwa kwenye fremu sikuwahi kulisikia, wala halikunishughulisha. Fremu za kaboni nyingi, za majina makubwa na za majina madogo, hutengenezwa China na Taiwan. Nilichotaka kujua ni kilichopo chini ya rangi, na vile vidude vidogovidogo vikiharibika nitavipata wapi nami nimezungukwa na bahari.

Wanunuzi wengi hukimbilia vibandiko. T800, T1000: hizo ni aina za nyuzi za kampuni ya Toray ya Japani, na mwenye mashine ya kuchapa stika anaweza kuandika namba anayoitaka. Hata kama ni kweli, kibandiko hakisemi yamelazwa matabaka mangapi, kwa pembe zipi, wala kama rezini ilibanwa sawasawa. Ule mchoro wa vijisanduku unaopendwa na vijana nao ni tabaka la juu tu, aghalabu la urembo. Mzigo mkubwa unabebwa na matabaka ya chini ambayo nyuzi zake zimenyooka upande mmoja. Kibandiko cha UCI, shirikisho la kimataifa la mchezo wa baiskeli, utaratibu ulioanza mwaka 2011 kwa fremu na foko za mashindano, kinakwambia modeli ile ilipasishwa. Kilichoipata baiskeli yenyewe baada ya hapo hakijui.

Mimi huanza na bomba la siti, lile linaloingia ndani ya fremu. Nalegeza bolti, nalizungusha. Likikataa kuzunguka naondoka, hata fremu ing'are vipi. Kaboni na aluminiamu zikigusana penye maji ya chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa: inatoa unga mweupe, unga unavimba, na bomba linashikana na fremu kama vimezaliwa pamoja. Huku kwetu hewa yenyewe ina chumvi. Nimeona watu wakilipiga nyundo bomba la namna hiyo mpaka fremu ikachanika juu, penye kibano cha siti. Vijibolti vya kushikia chupa ya maji navitazama vilevile, kwani unga mweupe huanzia hapo.

Kisha nachukua sarafu ya mia mbili na kugongagonga, pole pole, kuanzia kichwani penye usukani mpaka kwenye ekseli ya nyuma, nikisikiliza kama mtu anayechagua nazi. Palipo pazima panalia kwa ukali. Palipoachana matabaka sauti inakufa. Sauti hubadilika pia bomba linapokuwa nene au jembamba, kwa hiyo unalinganisha kushoto na kulia, mahali pamoja kwa pamoja. Ufa wa rangi na ufa wa kaboni hufanana machoni; bonyeza kwa dole gumba, na pakibonyea huo si wa rangi.

Baada ya hapo nauliza maswali ambayo muuzaji huyaona ya ajabu. Beringi za krenki, pale pedali zinapozungukia, zimefungwa kwa uzi au zimeshindiliwa? Za uzi, fundi yeyote mwenye ufunguo wake atazifungua. Za kushindiliwa zinataka chombo cha kuzitoa na chombo cha kuzirudishia, na fremu za kaboni za kisasa zimejaa hizo. Yangu ilikuwa ya uzi, na hilo peke yake lilinifanya niongeze bei. Hanga je, kile kipande cha aluminiamu kinachobeba gia ya nyuma, ni cha aina gani? Hapo muuzaji alicheka. Nikaipiga picha hanga, nikalipa, nikaondoka.

Niliipanda kwa raha msimu mzima wa kusi, njia ya Paje mara nyingi, maana barabara ni nzuri na ukiondoka alfajiri unawahi kurudi kabla jua halijakuwa kali. Ajali ilitokea wakati wa kurudi, karibu na Jozani, kabla ya yale matuta yaliyowekwa ili magari yapunguze mwendo kima punju wavuke. Gari ya shamba iliyokuwa mbele yangu ilisimama ghafla kushusha abiria. Nikatoka nje ya lami kuikwepa. Ukingo wa lami pale umekatika, gurudumu la mbele likanasa, mimi nikaenda upande wangu na baiskeli upande wake. Nilichubuka bega na kiwiko. Abiria walishuka kunisaidia, bibi mmoja akanimwagia maji ya chupa yake kwenye kidonda huku akiniuliza nyumbani kwetu nani ananiruhusu kuchezea barabara na umri huu.

Baiskeli ilikuwa imeangukia jiwe. Bomba jembamba la nyuma upande wa kushoto, linaloteremka kutoka penye siti kwenda kwenye ekseli, lilikatika nyuzi zikatoka nje. Usukani ulizunguka ukalipiga bomba la juu, lile unalompakia mtoto, na hapo palibaki alama ndogo ya rangi iliyobanduka, kama sentimita mbili tu. Hanga ilipinda.

Barazani wote walikuwa na hukumu moja: imekwisha, chukua gia uuze, fremu tupa. Naelewa wanakotoka. Chuma kikipinda unakiona kimepinda, na mwenye gesi anakiunga. Aluminiamu ikipasuka kuiunga ni kazi ya wachache, na nguvu yake ya mwanzo hairudi ovyo. Lakini kaboni ni kitambaa na gundi. Kinachoogopesha ni kwamba inaweza kuumia ndani nje pasionekane, kama lile bomba la juu: alama ni sentimita mbili, lakini sarafu ilinionyesha sauti imekufa eneo la kiganja kizima. Bomba lililokatika waziwazi, kusema kweli, halikunitia hofu kama hilo.

Nilianzia kwa fundi wa boti za faiba upande wa Maruhubi, mtu mzima, mikono yake imejaa makovu ya rezini. Akaigeuzageuza fremu akasema, "Mwanangu, n'takutia faiba matabaka mawili, kesho unaipanda."

"Ami, unatumia rezini gani?"

Akanionyesha galoni na kichupa cha kikaushio chenye harufu ya kukatisha pumzi. Ilikuwa poliesta, inayoganda kwa matone machache ya kikaushio. Kwa boti ni kitu kizuri, bei yake nafuu na inakauka upesi. Lakini fremu ya kaboni imegandishwa kwa epoksi, na poliesta haishiki vizuri juu ya epoksi iliyokwisha kukauka. Inaonekana imeshika, kisha siku ya siku inabanduka kama ganda. Tena faiba ya kioo inanepa zaidi ya kaboni, kwa hiyo bomba moja la nyuma lingekuwa laini na la pili gumu. Nilimweleza kwa adabu. Hakununa hata kidogo. Alisema, "Basi nenda Paje kwa vijana wa kaiti. Wao wanayo ile ya chupa mbili, ya ghali. Mimi nikiitia kwenye boti mwenye boti atanikimbia."

Huu ndio ushauri bora niliopewa katika habari yote hii, na umetoka kwa mtu aliyekuwa anajinyima kazi. Paje watalii wanarusha kaiti kusi na kaskazi, wakivutwa nazo juu ya maji wamesimama kwenye ubao, na mbao zao zinavunjika kila siku juu ya mwamba maji yakitoka. Kwa hiyo wamo vijana wanaotengeneza vitu vya epoksi na kaboni kuanzia asubuhi mpaka jioni, pengine kuliko karakana nyingi za baiskeli katika miji mikubwa. Niliyempata hakuwahi kushika fremu ya baiskeli. Aliigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akasema, "Kaka, hii kazi naijua. Ila foko sifanyi."

Foko ilikuwa na mstari mwembamba pale miguu yake miwili inapokutana. Huenda ulikuwa rangi tu. Nikambembeleza aikwangue tuone. Akakataa. "Bomba la nyuma likikatika utakaa chini. Foko ikikatika utaanguka na meno." Nikaiweka pembeni. Usukani nao, ingawa ni wa aluminiamu na haukuonyesha kitu, niliubadilisha. Ni kitu cha elfu arobaini na tano, na ndicho unachokiegemea kwa uzito wote wa kifua.

Kazi yenyewe niliitazama yote. Rangi haikutolewa kwa dawa ya kubandulia, kwa sababu dawa ile haijui rangi inaishia wapi na rezini inaanzia wapi. Ilikwanguliwa kwa msasa wa maji. Msasa ukiwa mkavu vumbi la kaboni linaruka, linawasha ngozi na kuingia kifuani. Yeye alivaa barakoa na mikono mirefu na akanifukuza nilipokaribia bila ya kuvaa. Kila alipokwangua kidogo aligonga, akachora kwa kalamu mpaka wa sauti mbovu, akakwangua tena, mpaka sauti ikawa moja. Nyuzi zilizovunjika zikakatwa zote.

Hatua iliyofuata ndiyo inayotofautisha fundi na mpakaji. Hakubandika kiraka juu ya tundu. Aliupunguza ukuta wa bomba taratibu kuanzia mbali, ukashuka kama mteremko mpaka kwenye mpasuko, ingawa ukuta wenyewe haufiki milimita mbili. Kila tabaka jipya likawa refu kuliko la chini yake kila upande, ili nguvu ipite kidogo kidogo kutoka kaboni ya zamani kwenda mpya. Matabaka mengi yalikuwa na nyuzi zilizonyooka kufuata bomba, na machache yalilazwa mshazari kwa ajili ya msokoto. Mimi nilimsaidia jambo moja: kabla ya kugandisha tulifunga gurudumu la nyuma mahali pake ili nafasi ya ekseli ibaki milimita 130, tukavuta uzi kutoka penye usukani kwenda pande mbili za ekseli na kupima kama umbali wa uzi kutoka kwenye bomba la fremu linaloshika siti ni sawa kulia na kushoto. Bomba likigandia limekaa upande, umejipatia baiskeli inayokwenda kama kaa.

Epoksi yake ilikuwa West System, rezini sehemu tano kwa kikaushio sehemu moja. Hapo hakuna kukisia. Watu waliozoea poliesta huongeza kikaushio ili ikauke upesi. Epoksi ukiizidishia haikauki upesi, inabaki laini daima. Joto la kwetu nalo linakupunguzia muda. Mchanganyiko ukiachwa kwenye kopo refu unajipasha wenyewe mpaka unatoa moshi, kwa hiyo aliumwaga kwenye sahani pana, na alianza baada ya Alasiri, joto linaposhuka, ili hewa iliyomo ndani isitanuke na kuleta mapovu. Juu ya kaboni mbichi alizungusha nailoni iliyotobolewa kwa sindano, kisha mkanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli, akiuvuta kwa nguvu. Rezini ya ziada ikachuruzika kwenye vitundu. Kaboni ikibaki na rezini nyingi inakuwa nzito bila ya kuwa imara.

Kesho yake juu ya bomba kulikuwa na utelezi wa mafuta, ambao epoksi hutoa unyevu ukiwa mwingi. Unaoshwa kwa maji na sifongo kwanza. Ukipiga msasa kabla ya kuosha unausambaza, na rangi haitashika. Kisha tukaifungia fremu ndani ya gari lililokaa juani, vioo juu, mchana kutwa. Nilidhani ni mchezo, akanifahamisha: epoksi iliyokauka kwa joto la kawaida hulainika mapema ikija kupata moto, lakini ukiipasha baada ya kuganda inapandisha kiwango cha joto inachohimili. Kwa fremu nyeusi inayoachwa nje ya msikiti mchana wa Januari, hilo si jambo dogo.

Alitaka laki moja na nusu kwa yote. Nilimpa na nauli juu.

Kwa hiyo kaboni ilikuwa imemalizika na mimi nilijiona nimevuka. Hapo ndipo hanga ilipoanza mambo yake. Fundi mmoja wa mjini alijaribu kuinyoosha, ikakatika mkononi, jambo lisilo la ajabu kwa aluminiamu iliyokwisha kupinda. Hanga zipo za maumbo mamia; kila kiwanda na tundu zake. Mwaka 2019 SRAM, kampuni ya vipuri vya baiskeli, walitoa hanga ya namna moja iliyokusudiwa fremu za viwanda vyote, na fremu nyingi mpya zinaifuata, lakini yangu ni ya kabla ya hapo. Nikatuma picha kwa muuzaji wa mtandaoni, ikaja kwa mzunguko wa Dar es Salaam na boti, na matundu hayakulingana. Muuzaji akaniomba nimtumie picha tena.

Nikaenda karakana ya watu wa mashine, nikawapa vipande viwili vya hanga ya zamani na bati nene la aluminiamu. Umbo walilikata vizuri kabisa, wakalipiga tupa likaingia mahali pake pasipo na mwanya. Tatizo likawa uzi. Gia ya nyuma inaingia kwenye uzi wa M10, yaani wa kipenyo cha milimita 10, wenye hatua (umbali wa jino hadi jino) ya milimita 1, na karakana ilikuwa na chombo cha M10 ya kawaida, yenye hatua ya milimita 1.5. Ukilazimisha, unaua gia ya laki mbili kwa ajili ya kipande cha elfu kumi. Kijana mmoja pale, mwanagenzi tu, ndiye aliyekumbuka kwamba vifungio vya paipu za breki za magari ya Kijapani vina uzi huohuo mwembamba. Tukamfuata fundi breki mtaa wa pili, akafungua sanduku lake, na chombo kikawamo. Hanga ile ninayo mpaka leo, na nyingine mbili za akiba nilizochongesha siku hiyohiyo.

Foko mpya iligharimu karibu laki tatu mpaka kufika mkononi, na ilikawia. Wakati naisubiri nilibadilisha beringi. Za magurudumu ni rahisi, namba imeandikwa ubavuni. Ya gurudumu langu la mbele ilikuwa 6902, na duka la beringi za mashine linakupa bila ya kuuliza baiskeli ni nini. Za penye usukani si za namna hiyo, kingo zake zimekatwa mshazari, na hizo sharti uagize za baiskeli hasa. Kuzishindilia hakutaki chombo cha ghali: bolti ndefu, nati mbili na washa pana, unakaza polepole huku ukiangalia zisiende upande.

Kufunga kila kitu kulitaka mkono mwepesi. Penye kaboni, bolti nyingi zimeandikwa 5 Nm, kipimo cha nguvu ya kukaza, na mkono wa fundi aliyezoea Phoenix, baiskeli ya chuma ya Kichina, hupita hapo bila ya kujua. Niliazima spana ya kupimia kwa mtu wa pikipiki. Kwenye bomba la siti nilipaka ile pesti yenye chenga chenga, inayozuia bomba kuteleza bila ya kulikaza mno, na kila mwezi nalitoa, nalifuta chumvi na kulirudisha. Nikipita pwani baiskeli inaoga maji baridi kabla yangu.

Rangi ya mahali palipotengenezwa ni nyeupe ya gari, fremu nyingine ni nyeupe ya maziwa, na tofauti inaonekana. Nimeiacha hivyohivyo, maana nataka nipaone. Nilianza kwa kuipeleka karibu, Fuoni na kurudi, nikagonga sarafu. Kisha Tunguu, kisha chini ya miembe ya Bi Khole kule Bungi, nikagonga tena. Sauti haijabadilika.

Karibuni kijana mmoja wa Wete alinipigia simu. Amepata ya kaboni kwa bei ya kutupa, anataka kupandia vilima vya Chake mpaka kwao. Nilimuuliza ringi ni za nini. Akasema kaboni pia, na breki zinabana ringi hizohizo. Nikamwambia fremu aichukue lakini ringi aziuze: kwenye mteremko mrefu breki zinaichemsha rezini ya ringi, na za bei nafuu ndizo zinazovimba mwanzo. Unguja tambarare ungeweza kujidanganya, Pemba hapana. Akaniuliza kama kaboni yenyewe itahimili. Nikamwambia hilo tutaliangalia baadaye, kwanza anitumie picha ya hanga.